SOMO LA SOKO: Protini ya ng'ombe wa Kyimo ihesabiwe kwa kilo, si kwa gunia

Mvua za Rungwe zinapopungua, kuanzia mwezi Juni hivi, biashara mbili hukutana Kyimo. Ya kwanza ni ya maziwa, ambayo hupungua zizini huku wanunuzi wakiendelea kuyataka. Ya pili ni ya mashudu ya alizeti, ambayo wakati huo huo hujaa kwenye mashine za kukamulia mafuta kwa kuwa alizeti ya msimu imeanza kuvunwa. Mwenye mtaji mdogo akisimama katikati ya biashara hizi mbili anaweza kupata faida nzuri. Anaweza pia kula hasara, na mara nyingi hasara hiyo huanzia mahali pamoja: kununua na kuuza chakula cha mifugo kwa gunia bila kujua gunia limebeba nini.

Somo la wiki hii ni kwa watu wa aina mbili. Mmoja ni mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hadi watano anayetaka kuanza kulisha chakula cha ziada chenye protini. Mwingine ni mfanyabiashara anayefikiria kujaza stoo kwa ajili ya mfugaji huyo. Hesabu yao ni moja, ila kila mmoja huisoma kutoka upande wake.

Kwa msomaji asiyeifahamu Kyimo, hapa ni kwenye barabara ya lami itokayo Mbeya kwenda Tukuyu, katikati ya migomba, viazi, chai na siku hizi maparachichi. Ng'ombe wa maziwa walienea wilayani kupitia miradi ya ufugaji wa nyanda za juu kusini iliyofadhiliwa na Uswisi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na pia kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe ulioendeshwa na shirika la Heifer. Wengi hufugwa ndani ya banda na majani huletwa kichwani. Soko nalo limepanuka: mbali na majirani, hoteli ndogo na vibanda vya chai, kiwanda cha ASAS cha Iringa kimekuwa kikikusanya maziwa Rungwe. Kilichopungua ni ardhi ya majani. Kila mstari mpya wa miparachichi unapandwa mahali ambapo pengine palikuwa na matete.

Njaa isiyoonekana

Mgeni akipita Rungwe mwezi Agosti atasema hapa hakuna ng'ombe mwenye njaa, maana kila kitu ni kijani. Ni kweli tumbo limejaa, lakini yafaa kuangalia limejaa nini. Matete na guatemala yakikatwa machanga huwa na protini ya kuridhisha. Yakiachwa yakakomaa hadi kumpita mtu urefu, protini hushuka kufikia asilimia 7 au chini ya hapo ya uzito mkavu. Shina la mgomba, ambalo ndilo mkombozi wa wengi wakati wa kiangazi, zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji. Linamtuliza ng'ombe, linamnywesha, lakini protini yake ni ndogo mno.

Hapa inabidi tuingie kidogo tumboni mwa ng'ombe, maana ndipo fedha ilipo. Ng'ombe hasagi majani kwa nguvu zake peke yake. Katika tumbo lake kubwa la kwanza wamo vijidudu wengi wasiohesabika, na hao ndio wanaovunja nyuzi za majani. Vijidudu nao wanahitaji naitrojeni, ambayo huipata kwenye protini ya chakula. Protini ya malisho ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hulegea, majani hukaa tumboni muda mrefu zaidi, na ng'ombe hula kidogo kwa sababu nafasi haijapatikana. Ndiyo sababu mfugaji anaweza kuongeza mzigo wa majani na maziwa yasiongezeke. Si kwamba ng'ombe ni mkaidi.

Baadaye vijidudu hao hao husukumwa mbele na kumeng'enywa, nao huwa chanzo kikuu cha protini ya mwili na ya maziwa. Lita 10 za maziwa hutoka zizini na gramu 300 na ushei za protini kila siku. Lazima itoke mahali. Isipotoka horini itatoka kwenye misuli ya ng'ombe, na siku ikikosekana huko nako, maziwa yatashuka.

Kulipima pengo

Tuchukue ng'ombe chotara wa kilo 400 anayelengwa kutoa lita 10 kwa siku. Kwa viwango vya kawaida vya lishe, kuendesha mwili wake tu kunahitaji takriban gramu 320 za protini ghafi kwa siku. Kila lita ya maziwa inahitaji takriban gramu 90. Kwa hiyo lita 10 ni gramu 900, na jumla ni gramu 1,220.

Sasa tuangalie anachopata. Matete mabichi kilo 50, yaani mizigo miwili mizuri, yana uzito mkavu wa takriban kilo 10. Kama yamekomaa na yana asilimia 7, yanampa gramu 700. Toa gramu 320 za mwili, zinabaki 380. Gawa kwa 90: ni lita 4 na kidogo. Mfugaji akishangaa kwa nini ng'ombe wake aliyenunuliwa kwa sifa kubwa amesimama kwenye lita 4 au 5 mwezi Septemba, jibu liko hapo, kabla hajamwita mganga wa mifugo.

Pengo ni gramu 520 kwa siku. Swali la kibiashara ni kulijaza kwa bei gani.

Ukimwuliza mfugaji wa ukanda huu anaongeza nini wakati wa kukamua, wengi watakujibu pumba. Pumba za mahindi ni chakula kizuri cha kuleta nguvu, lakini protini yake ni kama asilimia 10. Kuziba gramu 520 kwa pumba peke yake kunataka kilo 5 na zaidi kila siku. Kwa kiasi hicho ng'ombe ataacha majani, tumbo linaweza kuchachuka, na mafuta ya maziwa yatashuka. Mashudu ya alizeti yenye asilimia 25 yatakupa gramu 500 kwa kilo 2 tu. Nafasi ya majani inabaki.

Kosa la kuchanganya chakula cha nguvu na chakula cha protini halipo Kyimo peke yake. Huko Texas, Marekani, wenye mashamba ya kuwindia hulisha kulungu wa porini ili madume yaote pembe kubwa, maana mwindaji hulipia pembe. Wapo wanaomwaga mahindi matupu kwa miaka, na mahindi yana protini ya asilimia 8 au 9. Kulungu wanakuja kwa wingi, mwenye shamba anafurahi kuwaona, lakini pembe hazibadiliki kwa kiasi alichotarajia. Waliofanya hesabu hutumia chakula cha punje chenye asilimia 16 hadi 20, na hukianza mapema, pembe zinapokuwa zinakua, si zikishakauka. Kulungu na ng'ombe wote ni wenye kucheua, kwa hiyo kanuni ya tumboni ni ile ile. (Msomaji asije akapata wazo la kwenda kulisha swala kwa biashara bila kibali. Kwetu wanyamapori ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.)

Bei ya kweli ya protini

Bei zifuatazo ni za mfano tu, msomaji aweke za kwake za siku ya soko. Tuseme pumba ni sh. 500 kwa kilo na mashudu ni sh. 800. Kwa macho, pumba ni rahisi. Lakini kilo 1 ya pumba ina gramu 100 za protini, hivyo kilo 1 ya protini kutoka kwenye pumba ni sh. 5,000. Kilo 1 ya mashudu ina gramu 250, hivyo kilo 1 ya protini ni sh. 3,200. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi kwa zaidi ya theluthi moja.

Tuendelee hatua moja, maana hapa ndipo wafanyabiashara wanapoumia. Si kila mashudu yana asilimia 25. Alizeti ikikamuliwa na maganda yake kwenye mashine ndogo, mashudu yanaweza kushuka hadi asilimia 18 hivi. Ikikobolewa kwanza yanaweza kuzidi 30. Mtu anakuja na mashudu meusi yaliyojaa maganda anakuuzia kwa sh. 650, ukadhani umeokota. Gawa: 650 kwa 0.18 ni sh. 3,611 kwa kilo ya protini. Yale ya sh. 800 bado ni nafuu. Ili mashudu ya asilimia 18 yalingane nayo, bei yake isizidi sh. 576.

Hapo hatujagusa lumbesa. Gunia linalouzwa kwa macho halina kilo zinazojulikana, na pumba hasa ni nyepesi na hudanganya sana. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini hata bila sheria, mtu anayenunua protini bila mizani hana hesabu ya kufanya. Mizani ya kuning'iniza ndiyo iwe mashine ya kwanza ya biashara hii, kabla ya stoo na kabla ya kibao cha jina.

Kuchanganya

Kwa mfugaji anayetaka mchanganyiko wa asilimia 16, kiwango kinachotumika sana kwa ng'ombe wa maziwa wa kawaida, ipo njia ya zamani ya mraba ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Andika 10 ya pumba na 25 ya mashudu, kati yake andika 16. Tofauti ya 25 na 16 ni 9: hizo ndizo sehemu za pumba. Tofauti ya 16 na 10 ni 6: hizo ndizo sehemu za mashudu. Sehemu 9 kwa 6 ni sawa na kilo 60 za pumba kwa kilo 40 za mashudu. Juu yake ongeza kilo 3 hivi za madini na chumvi. Kwa bei zetu za mfano, bila madini, kilo 100 zinagharimu sh. 62,000, yaani sh. 620 kwa kilo.

Kama mashudu yako ni ya asilimia 18, fanya mraba upya, utaona kwamba mashudu yanakuwa kilo 75 na pumba 25. Ni mzigo mwingine kabisa. Ndiyo maana mchanganyiko wa jirani usinakiliwe bila kujua alinunua wapi.

Mashudu ya pamba nayo ni mazuri kwa ng'ombe mkubwa, ingawa yana sumu ya asili inayoitwa gosipoli, hivyo ndama wadogo, nguruwe na kuku wasipewe ovyo. Kwa Kyimo yana kasoro ya nauli, kwani pamba nyingi iko Kanda ya Ziwa. Soya mbichi isilishwe na yurea hata kidogo. Na yurea yenyewe, ambayo kwa maabara husomeka kama protini nyingi ajabu kwa sababu ya naitrojeni yake, inaua ng'ombe ikizidishwa au isipochanganywa vizuri. Kwa anayeanza, ibaki kuwa mbolea. Unga wa nyama na mifupa ya wanyama wanaocheua usiingie kabisa kwenye chakula cha ng'ombe. Uingereza ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 1988, baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kutambuliwa mwaka 1986, na gharama waliyoilipa wafugaji wa huko ilikuwa kubwa mno.

Je, inalipa?

Hesabu ya juu inasema gramu 500 za protini ya mashudu zinatosha lita 5 na nusu. Tusikimbilie kusherehekea. Maziwa hayatoki kwa protini peke yake. Nguvu nayo huwa pungufu wakati wa kiangazi, na maji vile vile. Mwekezaji mwangalifu achukue nusu tu ya matumaini hayo, tuseme lita 2.8 za nyongeza kwa kilo 2 za mashudu.

Kwa bei ya mfano ya sh. 1,000 kwa lita, nyongeza hiyo ni sh. 2,800. Mashudu ni sh. 1,600. Inabaki sh. 1,200 kwa siku kwa ng'ombe mmoja, sawa na sh. 36,000 kwa mwezi. Bei ya maziwa ikishuka hadi sh. 600, nyongeza ni sh. 1,680 na kilichobaki ni sh. 80, ambazo hazilipi hata kazi ya kubeba. Kutokana na hesabu hii napendekeza mpaka ulio rahisi kuukumbuka: kilo 1 ya mashudu mazuri ikianza kuzidi bei ya lita 1 ya maziwa shambani, simama uhesabu upya kabla ya kununua gunia jingine.

Wapo wanaosema ng'ombe alishwe tu, maziwa yatajionyesha. Sikubaliani nao. Katika majira ya mvua majani machanga yanapokuwa mengi, pengo la protini huwa dogo au halipo, na mashudu yanayotiwa horini wakati huo huishia kwenye mkojo. Anayelisha kwa mazoea mwaka mzima hulipa miezi kumi na miwili kwa faida ya miezi minne au mitano.

Aidha si kila ng'ombe anastahili. Wa kwanza kwenye foleni ni aliyezaa karibuni, katika siku 100 za mwanzo, ambaye mwili wake unataka kutoa maziwa kuliko uwezo wake wa kula. Wa pili ni mtamba au ng'ombe mwenye mimba ya miezi miwili ya mwisho, kwa kiasi kidogo. Ng'ombe anayekaribia kukaushwa na kutoa lita 3, au ng'ombe wa asili ambaye uwezo wake ni lita 1 au 2, hatakurudishia fedha ya mashudu kwa njia ya maziwa. Na ng'ombe mwenye kupe wengi, minyoo au ugonjwa wa kiwele atibiwe kwanza. Mashudu si dawa.

Kuanza kwa mpango

Wiki ya kwanza usinunue kitu. Pima maziwa asubuhi na jioni kwa siku saba, andika kwenye daftari. Wakati huo huo sahihisha vitu viwili visivyohitaji mtaji mkubwa: maji yawepo muda wote na jiwe la chumvi na madini liwepo. Nimeona hesabu za mashudu zikisifiwa wakati kilichoongeza maziwa ni ndoo ya pili ya maji. Ng'ombe wa lita 10 anaweza kunywa lita 50 au zaidi kwa siku, na shina la mgomba halitoshi kuziba yote.

Wiki ya pili anza na nusu kilo ya mashudu kwa siku, igawe mara mbili wakati wa kukamua. Ongeza nusu kilo kila baada ya siku tatu au nne hadi kilo 2. Vijidudu wa tumboni wanahitaji muda wa kuzoea. Anayemwaga kilo 3 siku ya kwanza atavuna kuharisha. Ukifika kilo 2, kaa hapo wiki mbili, ukiandika. Ikiwa kweli protini ndiyo iliyokosekana, daftari litaanza kusema ndani ya siku hizo. Lisiposema kitu, usiongeze mashudu. Tafuta tatizo jingine, kwa kawaida ni nguvu, maji au afya.

Upo mtaji mwingine ambao haupitii dukani. Huko Embu, Kenya, watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF walifanya kazi na wafugaji katika miaka ya 1990 kuhusu mti wa kaliandra. Waliona kwamba kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinafanya kazi sawa na kilo 1 ya chakula cha dukani chenye protini ya asilimia 16, na kwamba miti 500 hivi inaweza kumpa ng'ombe mmoja kilo 6 kila siku mwaka mzima. Kilo 6 ni sawa na kilo 2 za mchanganyiko wetu, yaani sh. 1,240 kwa siku kwa bei za mfano. Miti 500 inaonekana mingi, lakini hupandwa kwenye mipaka, kando ya njia na kwenye kingo za makinga maji, si kwenye shamba la viazi. Huanza kuvunwa baada ya karibu mwaka mmoja. Lusina ina protini nzuri pia, ila haipendi baridi na udongo wenye tindikali, na wadudu wanaonyonya machipukizi yake walipoingia Afrika Mashariki mwaka 1992 waliwavunja moyo wengi. Kwa miinuko ya Rungwe ningeweka fedha kwenye kaliandra, na desmodiamu chini ya matete.

Upande wa mwenye stoo

Mfanyabiashara aliyesoma hadi hapa huenda anasikitika kwamba namfundisha mteja wake kupanda miti. Asiwe na wasiwasi, miti inachukua mwaka na kiangazi kinakuja kila mwaka. Tumfanyie hesabu.

Tuseme ananunua tani 5 za mashudu kwa sh. 600 kwenye mashine, wakati wa msimu: sh. 3,000,000. Nauli ya sh. 60 kwa kilo ni sh. 300,000. Kupakua na pango la stoo ni sh. 120,000. Jumla sh. 3,420,000. Upotevu wa asilimia 3 unamwachia kilo 4,850, ambazo akiziuza kwa sh. 800 anapata sh. 3,880,000. Ziada ni sh. 460,000, sawa na asilimia 13 na kidogo ya fedha aliyoweka. Kwa miezi minne si haba.

Lakini kama fedha yote ni ya mkopo wa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, riba ya miezi minne ni sh. 410,400. Kinachobaki ni sh. 49,600. Na kama wateja walichukua kwa deni wakachelewa miezi miwili zaidi, riba inaongezeka sh. 205,200 na biashara imeingia hasara ya sh. 155,600, ingawa kila gunia liliuzwa kwa bei iliyokusudiwa. Kwa hiyo mtaji wa biashara hii uwe wa mwenyewe, au sehemu kubwa iwe ya mwenyewe, na mzunguko uwe mfupi: tani 1 inayozunguka mara tano ni salama kuliko tani 5 zinazolala mara moja.

Mashudu yanayolala yana maadui. Mashine ndogo huacha mafuta mengi ndani ya mashudu, na mafuta hayo huchacha. Unyevu wa Rungwe huleta ukungu, na ukungu una sumukuvu ambayo hupita hadi kwenye maziwa. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Yenye harufu ya ukungu yasiuzwe kwa bei ya kutupa, yatupwe.

Bei ya mashudu nayo haipangwi Kyimo. Ni mabaki ya mafuta, kwa hiyo hufuata siasa za mafuta ya kula. Katika bajeti ya 2018/19 ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka nje ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25 kwa lengo la kuwalinda wakulima na wakamuaji wa ndani. Ushuru wa namna hiyo ukipanda, wakamuaji wa ndani hupata nguvu na mashudu huongezeka. Ukilegezwa, mashine husimama na mashudu huadimika. Aidha wapo wanunuzi wa nje ya nchi, wakiwemo wa Kenya na India. Mwenye stoo asikilize hotuba ya bajeti mwezi Juni kama vile mkulima anavyosikiliza utabiri wa mvua.

Kuhusu ubora, Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010 inagusa biashara hii, na anayetaka kufungasha na kuuza kwa jina lake akaulize masharti ya usajili katika ofisi ya mifugo ya wilaya kabla ya kuchapa mifuko. Kwa mzigo mkubwa ni busara kupeleka sampuli kwenye maabara ya lishe ya mifugo, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Lakini maabara nyingi hupima naitrojeni na kuizidisha kwa 6.25 ili kupata protini, na hapo pana mwanya wa wadanganyifu. Kashfa ya maziwa ya China ya mwaka 2008 ilitokana na mwanya huo huo: watu walitia melamini, yenye naitrojeni nyingi na lishe sifuri, ili maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane yana protini, na watoto wachanga wakafa. Kwa hiyo pamoja na karatasi ya maabara, tia konzi ya mashudu kwenye glasi ya maji. Mchanga utazama, maganda yataelea, na pua itakueleza habari ya ukungu.

Linabaki suala la deni, ambalo katika vijiji vya maziwa halikwepeki kwa sababu mfugaji hulipwa kwa wiki mbili au kwa mwezi. Utaratibu unaoweza kufanya kazi ni wa watatu: mfugaji, kikundi cha kukusanya maziwa na mwenye stoo. Mfugaji anachukua mashudu, kikundi kinakata kwenye malipo ya maziwa na kumlipa mwenye stoo moja kwa moja. Mkataba uandikwe kwa kilo, utaje asilimia ya protini iliyoahidiwa, na uweke kikomo cha makato, tuseme yasizidi theluthi moja ya malipo ya mfugaji kwa kipindi. Uandikwe pia nani anabeba deni iwapo ng'ombe atakufa au mnunuzi wa maziwa atachelewesha malipo. Kifungu hicho cha mwisho ndicho ambacho pande zote hupenda kukiruka siku ya kutia sahihi.